Ulinganisho: Rally1 ya haibridi, Rally1 ya sasa au Rally2? Je, utata wa kiufundi unaudhuru mchezo wa magari?

Kedong_Kusini (mwanzilishi wa mada)

Wanajukwaa, suala hili tumekuwa tukiligusa pembeni kila Safari Rally inapokaribia, bila kulikalia kitako. Je, utata wa kiufundi unaozidi kuongezeka katika magari ya mashindano unaudhuru mchezo wenyewe? Ili mjadala usielee hewani, naomba tulinganishe magari matatu ambayo wengi wetu tumeyaona yakipita Naivasha.

La kwanza ni Rally1 ya haibridi, yaani gari la daraja la juu kabisa la ubingwa wa dunia wa rali likiwa na injini ya mafuta na mota ya umeme, lililotumika kuanzia 2022 hadi 2024. Injini yake ya turbo ya lita 1.6 ilisaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 100, betri ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 3.9, na vyote vikifanya kazi pamoja nguvu zilipita farasi 500. La pili ni Rally1 hiyohiyo baada ya umeme kuondolewa msimu wa 2025: uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa ulishushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na tundu la kuingizia hewa kwenye turbo likabanwa kutoka milimita 36 hadi 35, ili wepesi huo usilifanye gari kuwa na kasi kupita kiasi. La tatu ni Rally2, lenye injini ya ukubwa uleule lakini nguvu za farasi zisizofika 300, ambalo mtu yeyote mwenye fedha anaweza kulinunua, na ndilo linalotumiwa na madereva wetu wa mbele wanaowania ubingwa wa Kenya na wa Afrika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Haibridi iliudhuru mchezo, na kosa lake halikuwa umeme. Kosa lake lilikuwa kufungwa. Mota, betri na kidhibiti chake viliwekwa ndani ya sanduku moja lililotengenezwa na kampuni moja ya Ujerumani, Compact Dynamics, kwa ajili ya timu zote, na mafundi wa timu hawakuruhusiwa kulifungua. Likiharibika, fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi alibaki na kazi ya kulichomoa na kupachika jingine, kisha lile bovu lirudishwe kwa wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mtazamaji wa Kenya lina uzito zaidi. Magari yale yalikuwa na taa ya tahadhari. Ikiwaka kijani, gari ni salama kuguswa; ikiwaka nyekundu, hakuna ruhusa ya kuligusa, kwa kuwa huenda umeme wa voltiji ya juu umevujia kwenye bodi. Sasa fikirieni maana yake katika mashindano ambayo tangu 1953, yalipoanza kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yameishi kwa msaada wa wananchi wanaokimbilia gari lililokwama matopeni na kulisukuma mpaka litoke. Mwananchi aliyezoea kuweka bega kwenye boneti anaambiwa kwanza asome taa. Naielewa sababu ya usalama na siipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba teknolojia iliyomweka mbali fundi, na kisha ikamweka mbali mtazamaji, imeugusa mchezo mahali penye uhai wake.

Naomba maoni, hasa ya mafundi.

FundiSpana (Arusha)

Ndugu Kedong, umeianza mada vizuri. Nitajibu kama mtu anayeshika spana kila siku.

Tuanze na yaliyotokea 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville aliongoza mpaka siku ya mwisho, kisha shokapu ya nyuma ikamsaliti katika mkondo (kipande cha njia kinachopimwa muda) wa Loldia na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Kila aliyekuwa pale au mbele ya televisheni alielewa kilichotokea, kwa sababu gari lilionekana limelala upande mmoja. Hiyo ndiyo hasara ya kimichezo inayoeleweka: dereva aliendesha kwa nguvu kiasi fulani, barabara ikajibu, chuma kikavunjika. Gari linapopunguza mwendo kwa sababu kompyuta imezima msaada wa umeme, mtazamaji hana namna ya kujua kama dereva amekosea, gari limekosea, au programu imejilinda tu.

Upande wa vumbi nitaeleza kidogo, kwa sababu ndipo utata unapopimwa Afrika. Kule kwenye mkondo wa Kedong kuna vumbi laini sana ambalo wenye mashindano huliita feshfesh. Halitulii chini kama mchanga. Hunyanyuka, huning'inia hewani, na gari linalofuata hulivuta lote. Fundi anayeijua kazi huifungua nyumba ya filta ya hewa, huipuliza, kisha hupaka grisi nyembamba kwenye ukingo ambapo filta inakalia, kwa sababu vumbi hilo hupita penye mwanya ambao jicho halioni. Ukisahau grisi, filta ikiwa mpya namna gani haitakusaidia. Utaukuta unga wa kahawia upande wa pili, na kutoka hapo ni mapete ya pistoni. Kazi hiyo ni ya mikono na akili, na inafundishika kwa kijana yeyote makini katika gereji ya Moshi, Eldoret au Mbarara. Kila unapoongeza kifaa kinachohitaji hewa ya kupoza, feni za umeme, pampu na sensa, unaongeza milango ya vumbi hilo kuingia, na baadhi ya milango hiyo imefungwa kwa lakiri ambayo huruhusiwi kuivunja.

Kwa hiyo katika ulinganisho wako naiweka Rally2 mbele. Si kwa sababu ni rahisi. Ina turbo, inasukuma magurudumu yote manne, na ina kompyuta ya injini kama nyingine. Lakini kila kipande chake kinafunguka, kina namba ya kipuri, na kitabu chake cha ufundi unaweza kukisoma.

Zuhura_Likoni

Mimi hufuatilia zaidi Formula 1, lakini hoja ya kaka FundiSpana kuhusu mtazamaji kutojua nani amekosea imenikumbusha mbio za Baku za Juni 2016, ambazo kwangu ni ushahidi mzito kuliko takwimu yoyote.

Mwaka ule kanuni ziliikataza timu kumwelekeza dereva kwa redio namna ya kutumia mitambo ya gari, kwa nia njema kabisa ya kumrudishia dereva kazi yake. Lewis Hamilton akiwa katikati ya mbio, injini yake ikaingia kwenye mpangilio usio sahihi wa umeme na akapoteza kasi. Wahandisi wake walijua tatizo. Walikuwa wanaliona kwenye skrini zao. Hawakuruhusiwa kumwambia swichi ipi. Basi tukamtazama bingwa wa dunia mara tatu akizungusha vitufe vya usukani mzunguko baada ya mzunguko, katika barabara za mji ambako kuta ziko karibu kabisa na gurudumu, akitafuta mpangilio mmoja kati ya mingi. Nico Rosberg, mwenzake wa timu, alikumbwa na tatizo la namna hiyohiyo akalimaliza mapema, na yeye ndiye aliyeshinda. Hamilton akamaliza wa 5. Mwezi uliofuata, kabla ya mbio za Ujerumani, marufuku hiyo ililegezwa.

Somo ninalolipata pale ni gumu. Ukishalifanya gari kuwa tata kiasi kile, kumwachia dereva peke yake hakumpi heshima yake, na kumwelekeza kwa redio kunamfanya mtekelezaji wa maagizo. Njia zote mbili zina hasara, na chanzo kiko kwenye gari, hakiko kwenye kanuni ya redio. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba utata unaweza kudhibitiwa kwa kuongeza kanuni. Kanuni huja baada ya gari, na huja zikiwa zimechelewa.

Mhandisi_Coventry

Salaam kutoka Uingereza. Nitapinga, na nitapinga kwa dhati, kwa sababu naona mjadala unaegemea upande mmoja.

Kwanza, ukweli kuhusu Rally1 haujasemwa wote. Magari yale yalipoletwa 2022 yalipunguziwa utata katika sehemu nyingi. Difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, iliyokuwa ikidhibitiwa na kompyuta katika magari ya kizazi kilichotangulia iliondolewa. Giaboksi ikashushwa kutoka gia sita hadi tano, na dereva akarudishiwa mti wa gia badala ya kibano cha kwenye usukani. Mabawa na njia za hewa za kuligandamiza gari chini zikapunguzwa. Kwa hiyo ukiniuliza kama Rally1 ya haibridi ilikuwa tata kuliko gari alilotumia Ogier kushinda Naivasha 2021, nitakujibu kwamba ilikuwa tata mahali pamoja na nyepesi kueleweka mahali pengine. Neno "utata" linahitaji anwani.

Pili, tazameni matokeo. Toyota ilishinda Safari ya 2021 kabla ya haibridi, ikashinda 2022, 2023 na 2024 ikiwa na haibridi, na katika 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za kwanza. Kisha umeme ukaondolewa, na 2025 Elfyn Evans akashinda kwa Toyota. Kama haibridi ndiyo iliyokuwa ikiua ushindani, kuondolewa kwake kungebadilisha jina la mshindi. Kinachoshinda Naivasha ni maandalizi, majaribio na gari lililojengwa imara chini. Timu kubwa itakuwa kubwa hata mkiwapa wote kabureta.

Tatu, utata umeleta faida ambazo si za kupuuzwa. Formula 1 ilipoanza kutumia injini za V6 za haibridi 2014, gari lilipewa kilo 100 tu za mafuta kwa mbio nzima, wakati injini za V8 zilizotangulia zilikuwa zikinywa karibu mara moja na nusu ya hapo, na mwendo wa mbio haukuporomoka. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, ikiwa kwenye mashine ya majaribio, imegeuza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Mimi nafanya kazi ya injini, na nawaambia kwamba jambo hilo ni kubwa. Mchezo unaokataa kujifunza utakosa viwanda, na bila viwanda hakuna Rally1 wala Rally2.

MzeeSoysambu (Nakuru)

Mhandisi, nakuheshimu kwa hoja zako, na hiyo ya Toyota kushinda kabla na baada sitaipinga. Lakini niruhusu niwarudishe nyuma, kwa sababu Safari ilikwisha kulijaribu swali hili katika miaka ya themanini.

Wakati wa Kundi B, daraja la magari ya rali yenye nguvu nyingi la miaka hiyo, Ulaya ilitawaliwa na magari yanayosukuma magurudumu yote manne: Audi Quattro, kisha Peugeot 205 Turbo 16, kisha Lancia Delta S4 iliyokuwa na turbo na supachaja katika injini moja. Hapa kwetu mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona 400 inayosukuma nyuma. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica Twincam Turbo, nayo inasukuma nyuma. Mwaka 1985 Juha Kankkunen, akiwa anashiriki Safari kwa mara ya kwanza, akashinda kwa Celica hiyohiyo, na 1986 Waldegård akarudia. Audi walingoja mpaka 1987, Kundi B likiwa limekwisha kufutwa, ndipo Hannu Mikkola akawashindia kwa Audi 200, gari kubwa la familia lisilo na makeke. Njia ilikuwa ndefu, maelfu ya kilomita kwenye barabara za umma zenye ng'ombe, malori na mvua, na kila kifaa kilichoongezwa kilikuwa kifaa kimoja zaidi cha kuharibika. Barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa mkaguzi wa utata.

Hilo ndilo lililobadilika. Safari ya sasa ina mikondo ya kilomita 300 na ushee, na kila jioni magari hurudi kwenye kituo kimoja cha ufundi Naivasha. Ukiifupisha njia, unaiondolea barabara mamlaka ya kuwahukumu wahandisi, na hapo ndipo utata unapopata nafasi ya kukua bila adhabu. Swali la Kedong linahusu gari, lakini jibu lake la nusu liko kwenye urefu wa njia.

Hata hivyo nisiipambe enzi ile kupita kiasi. Timu za viwanda zilikuja na helikopta, magari ya kusindikiza na shehena za vipuri, na dereva wa kwetu aliyekuwa na gari lake moja hakuwa na cha kulinganisha. Gari lilikuwa rahisi, msafara ulikuwa wa gharama kubwa. Pesa zikizibwa huku hutokea kule.

Assen_Kigali

Naongeza mfano mmoja wa pikipiki, kwa kifupi. Mwaka 2016 MotoGP iliwalazimisha washindani wote kutumia kompyuta moja ya injini na programu moja, badala ya kila kiwanda kuandika ya kwake. Msimu huo walishinda waendeshaji tisa tofauti, wakiwemo Jack Miller na Cal Crutchlow kutoka timu zisizo za viwanda. Tairi zilibadilishwa mwaka huohuo na mvua ilichangia, kwa hiyo sitasema kompyuta ndiyo sababu pekee. Lakini pikipiki hazikurudishwa kwenye enzi ya kabureta. Walichofanya ni kuuweka utata mmoja mezani kwa wote, kila mtu ausome. Na kuanzia 2027 vifaa vya kuishusha pikipiki wakati wa kuondoka na kwenye njia iliyonyooka vitapigwa marufuku, kwa sababu vimekuwa vikiongeza kasi bila kuongeza upinzani.

Kedong_Kusini

Nawashukuru nyote. Nimesoma kwa makini, na hoja mbili zimenilazimu kuunoa msimamo wangu.

Mhandisi, nakubaliana nawe kwamba utata unahitaji anwani, na nitaitoa. Kipimo changu ni nani anaruhusiwa kukifungua kifaa, kukielewa na kukitengeneza. Turbo ni kifaa tata, lakini gereji za Nairobi zimekuwa zikizifungua kwa miongo mingi. Giaboksi ya mashindano ni tata kuliko saa, lakini fundi wa timu huibadilisha kwa dakika chache na kuifungua kwenye meza ya pili kutazama jino lililokatika. Mfano wa Assen_Kigali unanipa nguvu: kompyuta moja kwa wote ni utata ulio wazi. Haibridi ya Rally1 nayo ilikuwa moja kwa wote, lakini ilikuwa imefungwa kwa wote, na hapo tofauti inaonekana. Usawa wa kutojua hauwezi kuitwa ushindani.

Kuhusu Toyota kushinda miaka yote, unachothibitisha ni kwamba haibridi haikuamua mshindi. Sikudai hivyo. Nadai kwamba iliamua nani anaweza kushiriki. Magari ya Rally1 yamebaki ya Toyota, Hyundai na M-Sport wenye Ford tu. Hakuna kiwanda cha nne kilichovutwa na umeme ule katika miaka yote mitatu, ingawa kuvuta viwanda ndiyo hoja iliyotumika kuuleta.

Mhandisi_Coventry

Hilo la kiwanda cha nne nalikubali kwa upande wa rali. Kwa upande wa Formula 1 hali ni tofauti kidogo, na inafaa isemwe. Katika kanuni za 2026 waliondoa mtambo uliokuwa ukivuna umeme kutoka kwenye joto la moshi wa turbo, ambao ulikuwa mgumu na ghali kuliko vyote, na papo hapo wakaongeza nguvu za mota ya umeme kutoka kilowati 120 hadi 350. Audi wakaja, Ford wakarudi kwa kushirikiana na Red Bull, na Honda waliokuwa wamesema wanaondoka wakabaki. Kwa hiyo viwanda havikuukimbia umeme. Vilikimbia kipande kimoja ambacho mgeni asingeweza kukijua bila kutumia miaka na mamilioni kuwafikia waliotangulia. Ukikisoma kipimo chako cha kufungua na kuelewa kwa namna hiyo, sina ugomvi nacho.

Ninachokataa bado ni kuifanya Rally2 kuwa jibu la mwisho. Gari la juu la ubingwa wa dunia likiwa na nguvu zilezile za gari la mteja, mtoto aliyesimama kando ya mkondo wa Sleeping Warrior ataona nini cha kumfanya atake kuwa dereva?

Zuhura_Likoni

Ataona dereva wa nyumbani akiwa karibu na wa mbele, kaka yangu. Mwaka 2021 Onkar Rai alimaliza Safari akiwa wa 7 kwa gari la daraja hilo, na mashabiki walimshangilia kama mshindi. Mwaka uliofuata vijana watatu wa Kenya, McRae Kimathi, Jeremiah Wahome na Hamza Anwar, walishiriki kwa Ford Fiesta za Rally3, ambazo ziko chini zaidi ya hapo. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kupewa gari la haibridi kwa bajeti ya wadhamini wa kwetu.

Klachi_Kampala

Naingia mwishoni kwa sababu ninashiriki rali za hapa Uganda na nilitaka kusoma kwanza. Suala la bei limeguswa juujuu, nami ndilo linalonihusu. Shirikisho la kimataifa limepanga kwamba magari ya daraja la juu kuanzia 2027 yasizidi euro 345,000, na kwamba hata watengenezaji wasio viwanda vikubwa vya magari waruhusiwe kuyajenga. Kwangu hiyo bado ni bei ya nyumba kadhaa, lakini Rally1 ya haibridi ilikuwa ikitajwa kukaribia euro milioni moja, na bei ya kununua si yote. Gari la mashindano hununuliwa mara moja, kisha hulipiwa kila mwisho wa wiki.

Niwape mfano wa jambo dogo. Katika rali moja ya hapa, gari la Rally2 la rafiki yangu liligonga jiwe na mkono wa chini wa gurudumu la mbele ukapinda. Tulikuwa na muda mfupi wa huduma. Mafundi wawili waliutoa, wakaweka mwingine uliokwisha kutumika tulioununua kwa timu nyingine ya hapahapa Kampala, wakapima uelekeo wa magurudumu kwa kamba na futi, na gari likaondoka. Liliyumba kidogo kulia, dereva akalizoea, akamaliza. Soko hilo la vipuri vilivyotumika, kutoka timu moja hadi nyingine, ndilo linaloufanya mchezo huu uwezekane Kampala, Kigali, Arusha na Nairobi. Sanduku lililofungwa kwa lakiri haliwezi kuingia kwenye soko hilo, kwa sababu si mali yako hata ukishalilipia.

Kwa hiyo kura yangu ni Rally2 kwa sasa, na gari la 2027 baadaye, ikiwa tu kitabu chake cha ufundi kitauzwa pamoja na gari na kompyuta yake itasomeka bila kumsubiri mtu aje na laptopu yake kutoka Ulaya. Ndugu Mhandisi, wewe uliye karibu na wenyewe, ukipata kuona rasimu ya kanuni hizo, tafadhali tuwekee hapa kipengele kinachohusu programu ya injini na nani atakuwa na ruhusa ya kuifungua.

Mhandisi_Coventry

Nitafanya hivyo, Klachi. Nitatazama pia walivyoandika kuhusu vipuri vya kubadilishana kati ya gari moja na jingine, kwa sababu nahisi hapo ndipo gharama zenu zitakapoamuliwa.